Kofia Kumi na Mbili za Jani la Gimbi

Maneno JANI LA GIMBI, yaliyodariziwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu nyuma ya kofia kumi na mbili za wanajeshi wastaafu wa Kimarekani, niliyaandika mimi.

Naliweka hili mezani mapema kwa sababu nililikana kiangazi kizima, na kiangazi cha Doha ni kirefu. Nilikana mbele ya mwenye duka, aliyeniamini kwa kuwa nilikuwa na shahada. Nilikana mbele ya mume wangu, ambaye hakuniamini hata kidogo, kwa sababu hiyo hiyo. Nilikana mbele ya rafiki yangu Mkenya, mlinzi wa jengo la jirani, aliyeniamini kwa siku sita. Nikakana pia mbele ya fundi mzee aliyebebeshwa kosa langu, na huyo hakuniuliza chochote. Kumkana mtu asiyeuliza kunachosha sana.

Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, minara ya ufukweni ikiwa bado imevaa vyuma vya wajenzi. Nilikuwa nimemfuata mume wangu, dereva wa hoteli, tukapanga vyumba viwili Al Wukair, ambako siku hizo upande mmoja wa barabara ulikuwa mtaa na upande wa pili ulikuwa mchanga unaosubiri zamu yake ya kuwa mtaa. Nilikuja na shahada ya historia kutoka chuo kikuu. Doha haikuwa imetuma mtu kuniita. Baada ya miezi minne ya kuangalia mchanga, nikapata kazi ya kupokea wateja katika duka la kudarizi nembo, kwenye mitaa ya zamani ya mji, katikati ya kinyozi na muuza simu.

Tulidarizi kila kitu kinachobandikwa kifuani au begani: nembo za shule, majina ya wahudumu wa hoteli, ngao za kampuni za ulinzi. Na walikuja Wamarekani. Walitoka kwenye kambi yao iliyo nje ya mji, wamevaa kiraia lakini wanatembea kijeshi, wakitaka kofia, fulana na vitambaa vyenye alama za divisheni zao wapeleke nyumbani kama kumbukumbu. Mwenye duka, Mhindi wa Kerala aliyehesabu kila kitu isipokuwa maneno yake, alinikabidhi hao. "Wewe una Kiingereza cha kitabuni," alisema. "Wasikilize. Wanapenda kusimulia."

Mteja wangu wa kwanza wa aina hiyo alikuwa jitu la shingo nene. Aliweka kiwiko kaunta na kusema, "Mimi ni wa Divisheni ya Kwanza."

Msomaji aliyesoma Tanzania ameshaona shimo ninaloliendea. Kwetu divisheni ni kitu unachokipata kwenye mtihani wa kidato cha nne, kinatangazwa, na kinakufuata mpaka siku ya kuzikwa. Sikujua kwamba kuna divisheni nyingine duniani, zile za jeshi.

"Hongera sana," nikamwambia. "Hata mimi."

Akanitazama kwa heshima mpya. "Wewe? Ulikuwa wapi?"

"Morogoro. Shule ya wasichana."

"Morogoro," akarudia taratibu, akiitafuta kwenye ramani ya vita vyake vyote.

"Wewe ulipata pointi ngapi?" nikamwuliza.

Tulihitaji dakika tano na msaada wa picha kuelewana. Alama yake ilikuwa tarakimu moja tu, nyekundu, kubwa, na jina la utani la divisheni yao ni hilo hilo, Moja Kubwa Nyekundu. Alicheka mpaka kinyozi akaja kuchungulia. Sikumwambia, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote Doha, kwamba Divisheni Wani yangu ilikuwa ya pointi kumi na saba, ile ya mlangoni kabisa. Pointi moja zaidi ningekuwa Divisheni Tuu, na maisha yangu yote ningekuwa mtu mnyenyekevu.

Ndipo nikanunua daftari. Shahada ilikuwa imenikaa mwilini kama mafua, ikitafuta pa kutokea. Kila Mmarekani aliyekuja nilimwuliza namba ya divisheni yake, jina lake la utani, na jinsi lilivyopatikana, nikaandika. Nilikuwa na Tai Wapigao Mayowe, waliochukua jina hilo, nilivyoambiwa, kwa tai halisi aliyefugwa na kikosi kimoja zamani za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akawa anapiga kelele mapambano yakianza. Wenzao wa divisheni nyingine wanawaita kuku. Nilikuwa na divisheni yenye herufi A mbili begani, kwa maana ya watu waliotoka kila pembe ya Marekani. Huyo wa kwanza nilimwuliza A hizo ni za masomo gani. Nilikuwa na divisheni ya watu wa milimani, walioletwa kwenye nchi ambayo ukitaka kupanda juu lazima utafute lifti. Nilikuwa na wale wenye alama nyekundu ya jiwe la tao, pana juu na jembamba chini, ambayo Wajerumani waliiona kwa mbali vitani wakadhani ni ndoo, wakawabatiza Ndoo ya Damu. Na nilikuwa na wale wa Upinde wa Mvua, ambao alama yao ina nusu tu ya upinde. Mteja aliniambia wazee wao waliikata nusu kwa ajili ya nusu ya wenzao walioanguka katika vita vya kwanza vya dunia. Alisema wengine wanabisha, wanasema ilikatwa ili kupunguza uzi. Nikaandika yote mawili.

Jioni nilimsomea mume wangu. Yeye alipata Divisheni Foo, na tangu tuoane hajanisamehe kwa hilo.

"Profesa," alisema, akivua viatu, "sasa wewe umekwenda chuo kikuu miaka mitatu ili uje uandike habari za kuku wa Marekani?"

"Ni historia ya utani. Hakuna aliyeiandika."

"Labda kuna sababu."

Sasa nimlete fundi. Alikuwa mzee wa Kipakistani, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na miaka zaidi ya thelathini kwenye cherehani ya kudarizi. Aliniita baji, yaani dada kwa Kiurdu, ingawa kwa umri alikuwa sawa na baba yangu. Wiki ya kwanza nilidhani anaomba beji, nami kila akiniita nilimpelekea moja. Tulizungumza Kiarabu kile cha Ghuba kilichovunjwavunjwa na wageni, ambacho hakina sarufi lakini kina uvumilivu mwingi. Nikimweleza kazi, alijibu neno moja, "Maalum." Nilifurahi, kwa kuwa kwetu maalumu ni kitu cha pekee, na ni muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa ameniita maalumu. Mume wangu, aliyekuwa Doha kabla yangu, ndiye aliyenipokonya furaha hiyo: neno hilo kwao ni "najua" tu.

Fundi hakusoma herufi za kizungu. Hakuhitaji. Alizinakili kama anavyonakili maua, kila mkunjo, kila nukta. Herufi yangu ya G ina mkia unaoshuka chini ya mstari na kupinda kama ndoano; mwalimu wangu wa darasa la tatu aliipiga vita mwaka mzima na akashindwa. Mara ya kwanza Fundi kudarizi neno lenye G niliyoiandika mimi, aliitoa na mkia wake, na ndoano yake, safi kabisa. Mwenye duka akaniamuru niandike kwa herufi za chapa, na nikaamini naandika hivyo.

Karatasi zetu za oda zilikuwa na visanduku viwili. Cha juu kiliandikwa "Picha", nami nilichora alama na kueleza rangi. Cha chini kiliandikwa "Maneno", na kilichoandikwa humo ndicho Fundi alichodarizi. Hakuna kazi rahisi zaidi ya hiyo chini ya jua.

Mwezi wa tano akaja sajini mstaafu. Alikuwa na umri wa miaka sitini hivi, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, akifundisha watu kutengeneza malori huko kambini. Mkataba wake ulikuwa unaisha. Alitaka kofia kumi na mbili za wenzake aliopigana nao Vietnamu ujanani. Hukutana kila mwaka mwisho wa kiangazi, wanakula, wanabishana, wanarudi makwao. Akatoa alama ya zamani iliyofifia akailaza kaunta. Jani jekundu lenye ukingo wa manjano, na katikati yake radi ya manjano.

"Unajua hili ni jani la nini?" aliniuliza kwa mtego.

Nililitazama. Moyo wangu ukaruka mpaka shambani kwa mama yangu, kule chini kwenye maji, ambako majani kama hayo tulijifunika kichwani mvua ikitukuta.

"Hili ni la gimbi," nikasema. Kwa Kiingereza sikujua jina lake, kwa hiyo nikamweleza: kiazi chake kinachemshwa, kina utelezi, kinakuwasha koo ukikipika kwa haraka.

Aliketi. Alisema kwa miaka arobaini hakuna mtu asiye wa divisheni yake aliyewahi kulijua. Divisheni yao ilizaliwa Hawaii, ambako magimbi ndiyo chakula, na radi ni kwa ajili ya wepesi wao vitani visiwani. Jina lao ni Radi ya Tropiki. "Lakini unajua wenzetu wanatuitaje?" akasema, na uso ukamkunjamana kama mtoto aliyetaniwa leo asubuhi. "Stroberi ya Umeme. Divisheni nzima ya wanaume, inaitwa stroberi. Mwambie fundi wako lionekane jani. Maneno nyuma ni Radi ya Tropiki, kwa Kiingereza, na jani liwe jani. Tafadhali. Kuna mmoja wetu anaumwa, na nimemwahidi kwamba safari hii hakutakuwa na stroberi."

Nilimwandikia risiti kwa ufasaha: TROPIC LIGHTNING, kofia kumi na mbili. Nikamweleza pia habari za Divisheni Wani, akacheka, akaanza kuniita hivyo hivyo.

Alipotoka, nilijaza karatasi ya Fundi. Niseme ukweli, nilikuwa nimevimba kichwa. Nilikuwa nimemfundisha Mmarekani jani lake mwenyewe. Nikachora, nikaandika rangi, kisha nikaona nisije nikasahau kumweleza Fundi kwamba lile ni jani la chakula, si ua. Nikajiandikia kumbukumbu, kwa lugha yangu, kwa herufi kubwa, JANI LA GIMBI. Nikaiandika kwenye kisanduku cha chini. Cha juu kilikuwa kimejaa mchoro wangu. Simu ikalia kabla sijaandika maneno ya sajini, nikaenda kupokea, na karatasi ikaenda kwa Fundi.

Sajini alikuja kuchukua mzigo wake asubuhi ya safari, teksi ikimngoja nje. Fundi alikuwa amezipanga kofia kwenye boksi, zote zimetazama mbele. Sajini alichukua ya juu. Alipitisha kidole gumba kwenye mishipa ya lile jani, maana Fundi alikuwa amelitia hadi mishipa.

"Hili ni jani," alisema.

"Si stroberi," nikamwambia.

"Si stroberi hata kidogo." Akamshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili, akaingia kwenye teksi. Hakugeuza kofia. Wala mimi sikugeuza.

Fundi alikuwa na desturi: kila alama mpya alidarizi moja ya ziada, ya kutundika ukutani. Adhuhuri ile mwenye duka akaichukua ya kumi na tatu ili aitundike, akaigeuza kutafuta mahali pa kupitisha kamba.

"Ja-ni la gim-bi," akasoma. "Hiki ni Kiingereza gani?"

Mwenye duka akamwita Fundi, akamwonyesha. Fundi aliyatazama maneno yale, akasema kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi.

"Karatasi iko wapi?"

Wote wakanitazama, kwa kuwa karatasi zilikuwa kazi yangu. Karatasi ilikuwa chini ya mkono wangu wa kushoto. "Sijaiona," nikasema. Mwenye duka alipoinama kutafuta chini ya meza, niliichomeka ndani ya daftari langu la divisheni, kati ya Ndoo ya Damu na Upinde wa Mvua. Nilipoinua macho, Fundi alikuwa akipaka mafuta cherehani yake kwa makini sana.

Nieleze kwa nini jambo hili halikuwa mzaha kwa Fundi. Nyuma ya duka kulikuwa na mashine mpya ya kudarizi inayoendeshwa kwa kompyuta, bado ina nailoni zake. Ikama ya Fundi, kibali chake cha ukaazi, ilikuwa inaisha mwisho wa kiangazi, na fomu ya kuiongeza ilikuwa kwenye droo ya mwenye duka, ikingoja saini. Fundi alihitaji miaka miwili tu, binti yake wa mwisho amalize chuo cha uuguzi, kisha arudi kwao apumzishe macho. Yote haya alikuwa ameniambia kwa kile Kiarabu chetu, kwa maneno yasiyozidi kumi.

"Sitamwonea," alisema mwenye duka, na kusema haki hakuwa mtu wa kuonea. "Tumngoje mteja. Akipiga simu kulalamika kwamba tumemharibia kofia kumi na mbili, basi, mzee ameanza kuchoka, nitaiacha ile fomu. Mashine haikosei herufi."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Lakini mwenye duka alikuwa amezoea kuwaambia wateja, "Huyu dada ana digrii," nami nilikuwa nimezoea kuinamisha macho kwa unyenyekevu niliousomea mbele ya kioo. Nikajiambia mteja hatapiga. Wazee wa Marekani wana mambo mengi.

Rafiki yangu mlinzi alikuja Jumamosi kufuata nembo za kampuni yao. Alikuwa mama wa watoto watatu aliowaacha Nakuru, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara bila simu. Akaiona kofia ukutani.

"Sis, hii ni nini imeandikwa? Jani la gimbi? Si hii ni Kiswahili?"

Mwenye duka alikuwa hatua nne kutoka pale. "Hapana," nikasema. "Ni Kihawaii."

"Ati Kihawaii?"

"Divisheni yenyewe ni ya Hawaii. Ni lugha yao."

"Na wanasema 'jani'? Jani kama yetu?"

"Lugha zinafanana, dada. Watu walisafiri."

"Na gimbi je? Gimbi ni nini?"

Nikamshukuru Mungu kwa mipaka ya wakoloni. Wakenya kitu hicho wanakiita nduma, na neno gimbi halikumwambia chochote. "Radi," nikasema. Akatikisa kichwa kwa mshangao, akaenda kuwaambia wenzake kwamba Wahawaii ni ndugu zetu wa damu.

Siku hiyo hiyo mume wangu alipita kunichukua. Alitazama ukuta kwa sekunde tatu.

"Profesa."

"Nini?"

"Katika duka hili ni nani anajua magimbi?"

"Labda Fundi amejifunza Kiswahili kidogo."

"Akaanza na gimbi? Hakuanza na jambo, wala maji, wala asante. Akaanza na gimbi."

Njia nzima hadi Al Wukair, kila tulipopita mti wowote aliuliza, kwa upole, lile ni jani la nini.

Ijumaa iliyofuata, ambayo Doha ndiyo siku ya mapumziko na ya kanisa, rafiki yangu alikwenda ibadani kwenye makanisa ya Mesaimeer, na baada ya ibada, uani, akakutana na Watanzania wawili wakila kitu kutoka kwenye kontena la plastiki. Jumamosi, mapema kabla ya kazi, alikuwa mbele ya kaunta yangu, mikono kiunoni.

"Wahawaii wako ni wa Tanga?"

"Shikamoo kwanza, au habari za asubuhi."

"Wacha hizo. Gimbi ni nduma! Nimeionja mimi mwenyewe jana, na chumvi. Jani la nduma, sis. Umeandikia wazee wa vita jani la nduma, alafu unakaa hapo na lipstiki yako umenyamaza, na yule mzee anatoka jasho? Kinyozi ameniambia yote."

"Huenda ni sadfa."

"Sadfa ni nani? Yeye pia ni Mhawaii?" Akainama karibu. "Mimi simwambii huyo bosi wako. Si kazi yangu. Lakini utamwambia lini? Huyo mzee ataenda airport na bahasha yake ya kufutwa kazi, na wewe utakuwa unaandika historia."

Nilisema nitamwambia wiki ijayo. Mwezi wa saba ukaja, wa nane ukaja. Nikawa mtu wa kukimbilia simu. Ikilia mara moja, nilikuwa nimeshaishika. Mwenye duka alinisifu kwa bidii. Kila aliyepiga alikuwa wa shule au wa hoteli, na kila nilipokata simu, Fundi alikuwa ameinua macho kutoka kwenye kazi yake, akiyatua tena bila haraka. Alianza kuleta chai vikombe viwili, chake na changu. Hapo awali alileta kimoja. Sukari aliniwekea vijiko viwili, kama nipendavyo, na sikumbuki kuwa niliwahi kumwambia. Nadhani nilichukia chai hiyo kuliko kitu chochote Doha. Niliinywa yote.

Simu ilikuja mwishoni mwa mwezi wa tisa, zikiwa zimebaki siku tisa ikama iishe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwenye duka alikuwa amesimama kaunta, karibu yangu kuliko kawaida.

"Ni duka la nembo hapo?" ilisema sauti ya mbali. "Naomba kuzungumza na Divisheni Wani."

Mwenye duka aliitambua. "Ni yeye? Wa kofia? Weka spika."

Nikaweka spika. Sikuwa na mkono wa kukataa.

Sajini alianza kusimulia, kwa kuwa ndivyo walivyo. Walikutana. Walikuja kumi na mmoja. Yule mgonjwa alikuja kwenye kiti cha magurudumu, na wa kumi na mbili alimtuma mkewe. Boksi likafunguliwa. Wakashangilia jani. Kisha mmoja akageuza kofia.

"Tulibishana mpaka chakula kikapoa," alisema. "Mmoja akaapa kwamba ni Kihawaii." Nikakohoa. "Mwingine akasema ni Kivietnamu, na kwamba aliwahi kukila. Wa tatu akasema hilo ni jina la fundi aliyezishona, kwa hiyo tukasimama wote, waliokuwa na uwezo wa kusimama, tukanyanyua glasi kumtakia afya njema Bwana Jani La Gimbi."

Mwenye duka akanikaribia sikioni. "Mwulize kama analalamika."

"Yule mgonjwa wetu," sajini akaendelea, "ana muuguzi anayemwangalia, mama mmoja wa kwenu huko Afrika Mashariki. Alikuwa kimya muda wote anamlisha. Akaiona kofia kichwani pake, akasoma kwa sauti, akacheka hadi akakalia ngazi. Akatuambia maana yake. Jani la gimbi! Mzee wetu akasema, jamani, miaka yote hii, hatimaye mtu ameliita kwa jina lake. Hajaivua tangu siku hiyo."

Mwenye duka hakuweza kusubiri. Aliinamia simu. "Samahani sana, bwana. Lilikuwa kosa la fundi wetu. Macho yake yamechoka, tunafanya utaratibu wa—"

"Fundi?" alisema sajini. Zikasikika karatasi zikigeuzwa. "Nina risiti mkononi. Kwenye neno la pili kuna G mbili, zina mikia kama ndoano za samaki. Kwenye kofia kuna G moja, mkia huo huo. Hizi tatu ni ndugu, baba mmoja, mama mmoja. Kwa hiyo nakuuliza wewe, Divisheni Wani. Hizo herufi ni za fundi, au ni zako?"

Nilifikiria kusema laini inakatika. Nakiri hilo pia. Kinyozi wa jirani alikuwa amezima mashine yake, au labda mimi ndiye niliyekuwa siisikii.

"Ni zangu," nikasema. "Nilikosea kisanduku. Yeye alinakili nilichoandika."

Mwenye duka alijinyoosha taratibu, akanitazama kama anayesoma kofia.

"Nilijua," alisema sajini, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. "Basi nataka moja zaidi, ya yule muuguzi. Maneno hayo hayo, msibadilishe hata mkia. Na ashone mtu yule yule. Mashine haiwezi kunitilia mishipa ile."

Nikafungua daftari, kati ya Ndoo ya Damu na Upinde wa Mvua, nikaitoa karatasi nikaiweka kaunta mbele ya mwenye duka. Hakuigusa. Aliivuta droo, akatoa fomu ya ikama, akaanza kupapasa mifuko yake. Nikampa kalamu yangu.

Kisha nikamgeukia Fundi. Kiarabu chetu hakina njia nzuri za kuomba radhi, kwa hiyo nilisema kilichokuwepo: karatasi yangu, kosa langu, mimi nilificha, siku ile ile.

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa akimalizia nembo ya shule.

"Maalum, baji," alisema, akakata uzi kwa meno.

"Haloo?" aliita sajini. "Divisheni Wani, bado upo?"